Jerbera zilizogeuka kioo: kisa cha maabara ndogo kwenye barabara ya Entebbe

Jerbera ni ua la mapambo, na maabara huizidisha kwa kukuza vipande vyake ndani ya chupa zenye chakula cha mimea. Chupa ya jerbera yenye afya ukiielekeza kwenye taa, jani halipitishi mwanga. Ni kijani kizito, limesimama, na kikonyo chake kina vinywele vyeupe. Chupa za kisa hiki hazikuwa hivyo. Majani yalikuwa manene, yamejikunja kama sikio, yakipitisha mwanga kama tabaka la ndani la kitunguu. Ukilibana jani kwa kibano lilikatika kwa mlio mdogo na maji yakatoka. Chini yake machipukizi kumi na tano hadi ishirini yalikuwa yamesongamana kwenye kitako kimoja, na hakuna hata moja lililofika sentimita mbili. Mafundi waliziita chupa hizo "za maji", na jina hilo linafaa kuliko maneno mengi ya vitabuni: jani limejaa maji yasiyo na kazi, kuta za seli ni laini, na stomata zake, yaani vitundu vya kupumulia vya jani, hazijui kufunga. Mche wa aina hiyo ukitolewa nje hunyauka ndani ya saa chache hata kama udongo umelowa.

Tuchukue maabara ya vyumba vitatu kwenye kilima karibu na Kajjansi. Kuna chumba cha kupikia chakula cha mimea, chumba cha kukatia chenye kabati moja la hewa safi, na chumba cha kukuzia chenye rafu nne na taa. Mafundi ni wawili, na wote wamejifunza kazi kwenye migomba. Mteja ni muuzaji wa maua ya vyungu anayehudumia pia wapambaji wa harusi na kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa), naye ameagiza miche 3,000 ya jerbera nyekundu, yote ya aina moja. Kwa mbegu haiwezekani, kwa sababu jerbera za biashara ni machotara na watoto hawafanani na mama. Kwa kugawa shina, mama mmoja hutoa miche michache tu kwa mwaka. Ndiyo maana kazi hii huja kwenye chupa.

Hesabu ya mwanzo ilikuwa nzuri. Chipukizi moja la jerbera lililokaa vizuri huzaa matatu kwa mzunguko wa wiki nne. Ukianza na 40 unapata 120, kisha 360, kisha 1,080, kisha 3,240. Mizunguko minne, wiki kumi na sita, kisha mizizi. Lakini mtu akiona kwamba kwa homoni zaidi chipukizi moja linaweza kuzaa sita badala ya matatu, anapiga hesabu nyingine: mizunguko mitatu na akiba juu. Kisa chote kilianzia katika hesabu hiyo ya pili.

Mazoea ya matoke

Uganda imejifunza kilimo cha chupa kwa mgomba. Maabara za Kawanda, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, na zile za binafsi zilizofuata zimezalisha miche ya ndizi kwa miaka mingi, na fundi mzuri wa tishu nchini mara nyingi ni fundi wa ndizi. Huo ni utajiri mkubwa. Shida ni kwamba mkono wake umezoea vipimo vya mgomba, na chakula cha kuzidisha migomba huwekwa BAP, yaani benzilaminopurini, homoni ya kuchochea machipukizi, kama miligramu 5 kwa lita. Mgomba huvumilia. Adui anayeogopwa kwenye ndizi ni weusi wa fenoli kwenye jeraha, si majani ya kioo. Kwa mtu aliyezoea 5, kipimo cha 2 kinaonekana cha woga.

Jerbera haivumilii hivyo. Miligramu 2 zinafaa mwanzoni, unapotaka kichwa cha ua, ambacho ndicho kipande cha kuanzia, kiamke na kutoa machipukizi. Machipukizi yakishatoka, kuzidisha kunatosha kwa miligramu 0.5 kwa lita, au kutumia kinetini, homoni ya kundi hilohilo, miligramu 1 hadi 2, ambayo ni pole zaidi. Tangu kazi ya Skoog na Miller mwaka 1957 inajulikana kwamba kinachoamua ni uwiano: saitokinini (kundi la homoni lenye BAP na kinetini) ikizidi oksini (homoni za mizizi) tishu hutoa machipukizi, oksini ikizidi hutoa mizizi, zikikaribiana hutoa donge la kalasi lisilo na umbo. Kinachosahaulika ni kwamba uwiano huo unahesabiwa ndani ya tishu, si ndani ya chupa. Chipukizi unalolihamisha leo limebeba homoni ya mwezi uliopita. Sehemu ya BAP hufungwa na sukari ndani ya mmea na kukaa kwenye kitako cha shina kwa muda mrefu. Katika spathifilamu, mmea mwingine wa vyungu, mabaki haya yamehusishwa moja kwa moja na mizizi kuchelewa. Kwa hiyo mizunguko sita ya miligramu 2 haiwi sawa na mzunguko mmoja uliorudiwa mara sita.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzo ulikuwa safi, na unastahili kuelezwa kwa sababu wengi huharibu hapo. Mafundi hawakuchukua ncha ya shina, ambayo kwenye jerbera imezama kwenye udongo na imejaa vinywele vinavyoficha vijidudu. Walichukua vichwa vya maua vichanga, bado vimefumba, kipenyo milimita 7 hadi 10. Waliviosha kwa sabuni na maji yanayotiririka nusu saa, wakavitumbukiza kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30, kisha kwenye dawa ya kung'arishia nguo iliyopunguzwa hadi asilimia 1 ya hipokloraiti kwa dakika 15, pamoja na matone mawili ya sabuni ili dawa ishike. Kama lebo ya chupa inasema asilimia 3.5, vipimo 2 vya dawa kwa 5 vya maji vinatoa asilimia 1 kamili. Kisha maji safi yaliyochemshwa kwenye presha, mara tatu, dakika tano kila mara. Ndani ya kabati walibandua majani ya nje ya kichwa, wakakata kila kimoja vipande vinne, wakavilaza kwenye chakula cha Murashige na Skoog, mchanganyiko wa chumvi unaotumika sana kwenye kilimo cha chupa, chenye sukari gramu 30 kwa lita, BAP miligramu 2 na oksini IAA miligramu 0.1. Machipukizi yalitoka kati ya wiki ya sita na ya kumi. Hadi hapo kila kitu kilifanywa sawasawa.

Kosa la kwanza lilikuwa la kimya: kipimo cha BAP hakikushushwa. Mzunguko wa kwanza na wa pili ulizaa vizuri, na kikabaki 2.

Mvua za Machi zilipoanza, chupa zikaanza kuingia utelezi mweupe wa vijidudu. Mafundi walifanya mambo mawili ya busara kwa namna ya kawaida ya kufikiri: wakaongeza muda wa kupika chakula kutoka dakika 20 hadi 60, na wakafunga vifuniko kwa mizunguko miwili ya plastiki ya jikoni. Katika mzunguko wa nne BAP iliisha, wakatengeneza mpya. Mzunguko wa tano majani ya kwanza ya kioo yakaonekana, na machipukizi yakawa mafupi. Wakasema homoni mpya ni dhaifu, wakapandisha hadi 3. Mzunguko wa sita ukawa ule ulioelezwa hapo juu, rafu nzima.

Tazama mfuatano huu kwa makini. Kila hatua ilikuwa jibu la tatizo lililotangulia, na kila jibu liliusukuma mmea upande uleule wa maji. Hakuna aliyekuwa mzembe.

Swali la kwanza: vijidudu vilitoka wapi?

Haifai kuanza na majani ya kioo kabla ya kujua kwa nini presha iliongezwa muda. Vijidudu husema vilikotoka ukivisoma vizuri. Utelezi ukianzia pale kitako cha chipukizi kinapogusa chakula, umo ndani ya mmea. Vidoa vikitawanyika juu ya chakula, umetoka hewani au mkononi. Ukionekana ndani ya chakula chenyewe, hata kwenye chupa ambayo haijawekwa mmea, basi chakula hakikuiva. Jaribio ni chupa tano tupu za chakula kutoka kila upishi, ziachwe siku saba mahali penye joto la nyuzi 30 hivi kabla ya kutumia upishi huo. Katika kisa hiki chupa tupu nazo ziliharibika. Tatizo lilikuwa jiko.

Hapa mwinuko wa nchi unaingia. Maabara hiyo iko kama mita 1,170 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale inasukuma kwa kilopaskali 88 hivi badala ya 101 za pwani, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Sufuria ya presha yenye uzito wa pauni 15 (kwa inchi ya mraba) hupima kile kilichozidi hewa ya nje. Pwani, pauni 15 juu ya hewa ya huko zinafikisha nyuzi 121. Kajjansi pauni 15 zilezile zinafikisha karibu nyuzi 119 tu. Tofauti ya nyuzi mbili inaonekana ndogo, lakini spora (mbegu sugu) za bakteria wa jamii ya basilasi huuawa kwa kasi ya kama asilimia 60 ya ile ya nyuzi 121. Dakika 15 za kitabuni zinahitaji dakika 25 hapo. Ili kupata 121 kamili unahitaji pauni 17, na sufuria nyingi za uzito hazifiki huko; usijaribu kuongeza uzito kwa kufunga chuma juu yake.

Halafu chakula kilikuwa kinapikwa kwenye chupa za lita moja, kisha kinamiminwa. Katikati ya lita moja ya chakula chenye agari (unga wa mwani unaokigandisha) joto linafika dakika nyingi baada ya mshale wa presha kusimama. Na fundi aliweka uzito mara tu mvuke ulipoanza kutoka, hewa ikabaki ndani. Sufuria yenye hewa ndani huonyesha presha ileile kwa joto la chini zaidi.

Marekebisho ni mepesi. Mimina mililita 30 za chakula kwenye kila chupa ndogo kabla ya kupika. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuweka uzito. Kisha hesabu dakika 25. Si 60.

Na zile 60 zilifanya nini? Ziliharibu agari. Chakula kilichowekwa kwenye pH 5.8 (kipimo cha uchachu; namba ikishuka uchachu unazidi) hushuka kinapopikwa, na kikipikwa saa nzima pamoja na sukari kinashuka zaidi na kupata rangi ya chai. Agari ikichemka muda mrefu kwenye uchachu hukatika minyororo yake na haigandi vizuri. Katika kisa hiki pH baada ya kupikwa ilikuwa imeshuka chini ya 5, na agari ilikuwa gramu 6.5 tu kwa lita. Ukiinamisha chupa, chakula kilitikisika kama uji. Tishu iliyokaa kwenye uji hunywa maji bila kipimo. Hiyo ni nusu ya jibu la kioo. Plastiki ya jikoni mizunguko miwili iliongeza robo nyingine: unyevu haukutoka, na gesi ya ethilini ambayo mmea wenyewe huitoa ikabaki ndani.

Mizani iliyodanganya

Sehemu iliyobaki ni homoni, na tunaitilia mkazo kwa sababu maabara nyingi ndogo zina kosa hili bila kulijua.

Mafundi walipima miligramu 50 za BAP kwenye mizani ya kidijiti inayosoma gramu 0.01, wakazitia kwenye mililita 50 ili wapate miligramu 1 kwa kila mililita. Mizani hiyo hata ikiwa nzima, inaposema 0.05 maana yake ni chochote kati ya 0.045 na 0.055. Hilo lingevumilika. Ubaya ni mwingine. Mizani nyingi za bei nafuu zina tabia ya kujirudisha kwenye sifuri: zikiona badiliko dogo linaloongezeka taratibu karibu na sifuri, zinalichukulia kuwa mtetemo, zinalifuta. Fundi makini anayedondosha unga punje kwa punje kwa ncha ya kijiko anaidanganya mizani bila kukusudia. Anaendelea kudondosha, namba inakataa kupanda, kisha ghafla inaruka. Unga uliopo kwenye karatasi unaweza kuwa mara mbili ya unaosomeka. Kadiri unavyokuwa mwangalifu ndivyo unavyokosea.

Kuthibitisha bila vifaa vya gharama kunawezekana, kwa kuufanya mmea wenyewe uwe mizani. Ilitengenezwa homoni mpya kwa njia iliyo salama, itakayoelezwa chini, kisha ikapangwa ngazi ya vipimo: 0, 0.5, 1, 2 na 4 kwa lita, chupa kumi kila ngazi, machipukizi manne kila chupa, yote kutoka rafu moja iliyoathirika kidogo. Agari gramu 8, vifuniko vyenye tundu, upishi wa dakika 25. Kando ya ngazi hiyo zikawekwa chupa kumi za homoni ya zamani iliyoandikwa "2". Baada ya wiki nne zilipangwa mezani bila lebo na fundi wa pili akaombwa aweke zile za zamani kwenye ngazi. Aliziweka pamoja na 4. Kwa hiyo mzunguko wa nne na wa tano, mimea ilidhaniwa iko kwenye 2 ilhali iko kwenye 4, na ule wa sita ulioandikwa 3 ulikuwa karibu na 6. Hicho ni zaidi ya kipimo cha mgomba.

Jaribio lilionyesha pia jambo la pili. Chupa chache za kipimo cha 0.5 ziliwekwa kwenye agari ya gramu 6.5 na plastiki mizunguko miwili. Nazo zilitoa majani ya kioo, ingawa si yote na hazikusongamana. Msongamano ni wa homoni. Maji ni ya homoni pamoja na uji pamoja na kifuniko. Kushusha homoni peke yake kusingetosha, na mtu angerudi kusema dawa haifanyi kazi.

Njia salama ya kutengeneza homoni ni kuacha kupima vidogo. Nunua kichupa cha gramu 1 na uyeyushe chote. Tengeneza kwanza maji ya sodiamu haidroksaidi: gramu 4 kwenye mililita 100, ukivaa glavu na miwani. Tumia mililita 20 hivi za maji hayo kuyeyusha BAP yote, ukisuuza kichupa mara mbili tatu, ukikoroga mpaka hakuna punje inayoelea. Hapo tu ndipo uongeze maji safi polepole mpaka lita moja. Ukiwahi kutia maji, unga hurudi kuwa vipande vyeupe na kila mililita itakuwa na kipimo chake. Gawanya kwenye chupa za mililita 50, andika jina, nguvu na tarehe, weka moja kwenye friji na nyingine kwenye sehemu ya barafu. Ikitoka na fuwele chini, ipashe moto kidogo na uikoroge kabla ya kuvuta. Mililita 0.5 kwa lita huvutwa kwa bomba la sindano la insulini la mililita 1, si kwa silinda ya kupimia ya mililita 10.

Kama gramu nzima ni nyingi kwa maabara, ni bora kununua homoni iliyokwisha kuyeyushwa kuliko kuiamini mizani ya sokoni. Na ikibidi kuitumia, usiirudishe kwenye sifuri ikiwa na karatasi juu: andika uzito wa karatasi, iondoe, weka unga mwingi kwa mara moja, irudishe, soma tofauti, na usipime chini ya miligramu 200.

Kuokoa kilichookoleka

Jani lililogeuka kioo haliponi. Linalopona ni chipukizi, kwa majani mapya. Hilo lazima mafundi waliamini, la sivyo watatupa chupa nzuri na kutunza mbaya. Zilizotupwa mara moja ni zile ambazo ncha ya kukulia ilikuwa ya kahawia, au majani yote yalipitisha mwanga mpaka kitovuni. Zilizobaki zilitenganishwa chipukizi kwa chipukizi, kalasi yote ya kitakoni ikakatwa kwa kisu, kwa sababu huko ndiko BAP iliyofungwa imekaa.

Chakula cha uokoaji hakikuwa na homoni kabisa. Chumvi za Murashige na Skoog zote kamili isipokuwa amonimu naitreti, ambayo ilishushwa kutoka miligramu 1,650 hadi 825 kwa lita, kwa kuwa amonimu nyingi nayo huchochea majani ya maji. Sukari gramu 30, agari gramu 9, pH 5.8. Kifuniko kilitobolewa tundu la milimita 6 na kuzibwa kwa pamba iliyobanwa, chini ya utepe wa hospitali unaopitisha hewa. Hapo wengi huogopa vijidudu vitaingia. Pamba kavu iliyobanwa vizuri inavizuia, pamba iliyolowa haivizuii, kwa hiyo chupa haziinamishwi. Mwanga luksi 3,000 kwa saa 16, joto nyuzi 24 hadi 25. Umeme ukikatika mchana na madirisha yamefungwa, chumba hupanda haraka, na joto nalo ni mwenzake wa maji. Feni moja ya betri ilitosha.

Wiki ya tatu jani jipya la kawaida lilitoka kwenye machipukizi mengi. Yalihamishwa tena kwenye chakula hichohicho wiki nne nyingine. Kisha kuzidisha kuliendelea kwa BAP 0.5, mizunguko miwili tu. Uzazi ulirudi matatu kwa moja. Hakuna aliyetafuta sita.

Mizizi ni sehemu rahisi ya jerbera, ilimradi saitokinini imeisha mwilini. Chipukizi la sentimita 2 lenye majani matatu manne, nusu ya chumvi za Murashige na Skoog, sukari gramu 20, oksini IBA miligramu 0.5 kwa lita, wiki tatu. Ukizidisha oksini kitako huvimba, mizizi hutoka minene mifupi kama ya tangawizi, na hiyo hukatika unapoitoa. Chipukizi lisilotoa mizizi baada ya wiki tatu lisiongezewe IBA. Lirudi kwenye chakula kisicho na homoni.

Kutoka chupani kwenda kitaluni kulifanywa jioni. Mizizi ilioshwa agari yote kwa maji vuguvugu, kwa sababu sukari iliyobaki ni chakula cha kuvu. Udongo wake ulikuwa kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) na perlaiti (punje nyepesi za mawe), nusu kwa nusu. Kitovu cha mche, pale majani yanapoanzia, kilibaki juu ya udongo kabisa. Jerbera iliyozikwa kitovu huoza shingo, na fitofthora, kijidudu kinachofanana na kuvu, hakikosekani kwenye udongo wenye maji mengi. Hema la polithini wiki ya kwanza, neti ya kivuli juu yake, kisha upande mmoja ulifunguliwa saa moja kila asubuhi, ukaongezwa saa kila siku. Jani lililotoka ndani ya chupa huenda likafa. La kuangalia ni la kwanza lililozaliwa nje.

Mteja na kizazi cha sita

Mteja aliambiwa ukweli na tarehe ikasogezwa miezi minne. Kwa maoni yetu hapo ndipo uamuzi mgumu ulipo, kwa sababu kitalu kilikuwa na miche inayoonekana mizuri, na mteja alikuwa tayari kuichukua mapema.

Jerbera iliyolewa saitokinini huweza kupona kwa macho na bado ikabaki na tabia ya kichaka: majani mengi madogo, vikonyo vya maua vifupi na vyembamba, maua machache. Hilo halionekani kwenye mche wa wiki nane. Linaonekana ua linapotoka, miezi mitatu hadi mitano baada ya kitalu. Kwa hiyo miche 20 kutoka kwenye kundi lililookolewa ilichaguliwa bila kupendelea, ikapandwa vyungu vya sentimita 14 kando ya miche 10 iliyogawanywa kutoka kwa mama. Inapimwa idadi ya vitovu kwa chungu, idadi ya majani, urefu wa kikonyo cha ua la kwanza. Ikifanana na mama, kundi linauzwa. Ikiwa na vitovu vitano pale mama ana kimoja au viwili, kundi lote linatupwa, hata kama ni miche elfu.

Wakati huohuo vichwa vipya vya maua vilikatwa kutoka kwa mama na kuanzishwa upya. Lebo za chupa zake zina mstari ambao haukuwapo mwanzo: tarehe, namba ya mzunguko, namba ya chupa ya homoni, na jumla ya miligramu za BAP ambazo ukoo huo umepitia tangu siku ya kwanza. Mzunguko wa nane ndio mwisho. Baada ya hapo ukoo hauzidishwi tena, unapelekwa kwenye mizizi.